Choo cha Mia Nne na Kumi na Mbili

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni mwa ukumbi wa kamati, sikio moja ndani, jingine nje, kopo la rangi mkononi. Kuna walioniuliza njiani kama nimeshatoka pale mlangoni. Nimetoka. Nilitolewa.

Kwa uliyechelewa kuingia katika mkasa huu: mimi ndiye yule aliyefuga kuku wakafa wote siku moja, akanunua robota la viatu vya mitumba vikawa vyote vya mguu wa kushoto, akaachwa na mke kisha akarudiwa kwa masharti. Mwishowe nikapata kazi ya ofisi, ya kofia na kitambulisho. Kuhesabu vyoo.

Msicheke. Mlimani kuna halmashauri yake, nayo inataka kujenga. Bondeni kuna halmashauri yake, nayo inataka kunywa. Katikati kuna bwawa. Anachokiacha wa mlimani shimoni, ikinyesha mvua ya maana, wa bondeni anakikuta kwenye birika. Wametukanana miaka miwili, wakaunda kamati ya pamoja ili watukanane wakiwa wamekaa, na hatimaye wakasaini jambo moja: kwenye mteremko unaotazama bwawa, mashimo ya vyoo yasizidi mia nne. Shimo likizidi linafukiwa, na kwa kuwa nyumba isiyo na choo hairuhusiwi, nyumba nayo inavunjwa.

Mimi nikapewa rangi nyekundu na amri. Pita, hesabu, andika namba kwenye kila mlango wa choo.

Nilipita siku sita. Nikapata mia nne na kumi na mbili. Na pale mlangoni ndipo nilipomsikia katibu akisema, "Basi, ubishi umekwisha. Kuanzia mia nne na moja kwenda mbele, wanavunjiwa."

Namba mia nne na kumi na mbili ni choo cha dada yangu.

* * *

"Katibu," nilimwambia alipotoka, "zile namba hazina maana."

Katibu wa kamati ya pamoja ni mtu mkavu. Akicheka unasikia kama mtu anachana bahasha.

"Namba isiyo na maana haipo," alisema. "Ndiyo kazi yake."

"Hizi nilikuwa natembea nazo tu. Nilianza nilipoanzia, nikamaliza nilipochoka. Namba moja si mkubwa wa mtu yeyote!"

Alifungua faili. "Makubaliano yanasema watakaozidi wataondolewa kwa mpangilio wa usajili. Usajili uko wapi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Uko kwenye milango ya vyoo. Kwa mwandiko wako mbaya."

"Ile ni rangi!"

"Rangi ya nani?"

"Ya halmashauri."

"Brashi ya nani?"

"Ya halmashauri."

"Na mkono ulioshika brashi, uliajiriwa na nani?"

Kuna watu ukibishana nao unajikuta umejifunga kamba mwenyewe, wao wamekushikia tu ncha.

"Nyumba ya dada yangu ndiyo ya kwanza mteremko mzima," nilisema. "Ina miaka ishirini na miwili."

"Basi ungeanza nayo."

Akafunga faili. Aliponiona sijaondoka, akaongeza: "Kamati inakaa Alhamisi saa nne. Kasemee huko. Ila ujue, ukisimama useme hesabu yako ni ya ovyo, utakapokaa chini hutakuwa mfanyakazi wetu."

* * *

Ilani ilikuwa imeshafika kabla yangu. Imegongelewa misumari mitatu kwenye mlango wa choo, chini ya namba yangu: siku kumi na nne.

Dada alikuwa barazani kwenye cherehani, anashona suruali ya mteja. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo umekuja kuhesabu nini? Masufuria?"

"Dada, nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza. Masikio hayajapigwa namba bado." Akaendelea kukanyaga. "Nina swali moja tu, mdogo wangu. Choo cha jirani hapo, ng'ambo ya ua, ni namba ngapi?"

"Moja."

"Na changu?"

"Unaijua, dada."

"Kutoka kwake kuja kwangu ni hatua ishirini. Wewe umezitembea kwa siku sita. Ulipitia wapi?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, mmoja wenye ramani. Lakini huyu ndiye aliyenichukua kwa shangazi nikiwa na miaka kumi na miwili, nimevaa kaptula moja ya kwenda na kurudi. Alinilea kwa sindano. Ukimdanganya anakuacha umalize, halafu anakuuliza sehemu ya pili umeisahau wapi.

"Nilipoanza Jumatatu ilikuwa saa mbili asubuhi," nilisema. "Nikachungulia huku kwako. Sufuria ilikuwa haijabandikwa."

Cherehani ikasimama.

"Rudia."

"Nikasema nikuache wa mwisho. Jumamosi mchana nimalizie kazi hapa. Nile."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Uliongeza?"

"Mara mbili."

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa ile suruali, akaivaa tena, akanitazama kama mtu anayetafuta kasoro ya kitambaa.

"Kwa hiyo nyumba yangu inavunjwa kwa sababu ya maharage."

"Yalikuwa matamu, dada."

Chaki ya kupimia ilinipata sikioni. Dada ana miaka hamsini lakini bado ana shabaha.

Ng'ambo ya ua kikapasuka kicheko. Jirani alikuwa amesimama kwenye rundo la matofali yake, mikono kiunoni. Ni mwanamke wa makamo, anafyatua matofali ya saruji kwa mikono yake mwenyewe, na mikono yenyewe ukiamkiwa nayo huamki. Tangu nije kwa dada, wao wawili hawasalimiani. Nikiuliza naambiwa sababu ni maji ya paa.

"Mwambie dada yako aanze kufungasha!" alinipigia kelele mimi, kwa sababu dada hamsemeshi. "Na matofali yake asiyavunje ovyo, nitayachukua! Mimi ni Namba Moja, kijana. Umeniandika mwenyewe. Nimepaka na mafuta isifutike!"

"Mama, ile namba haina maana!"

"Kwenu ndiyo haina!"

Si yeye tu. Mtaa mzima ulikuwa umeharibika kwa siku moja. Watu wenye namba chini ya mia walikuwa wanawapita wenzao njiani bila salamu. Mwenye duka aliandika namba yake ya choo juu ya mlango wa duka kama leseni. Na wale kumi na wawili wa mwisho, nilipopita, mmoja alinimwagia maji ya kudekia miguuni akasema samahani, alidhani ni mtaro.

* * *

Alhamisi saa nne. Meza ndefu. Upande wa dirishani wamekaa wa bondeni, upande wa ukutani wa mlimani, katikati katibu na faili lake. Nyuma, kwenye mabenchi, wenye vyoo. Dada alikaa benchi la mwisho, mkoba magotini.

Mwenyekiti wa mlimani tunamwita Ghorofa, kwa kuwa hawezi kuona kiwanja bila kukipandisha juu. Mwenyekiti wa bondeni ni Mama Glasi. Kila kikao anakuja na glasi ya maji ya bomba la kwake, anaiweka mezani mbele yake, na haigusi. Siku ile maji yalikuwa na rangi ya chai ya jana.

Nikasimama.

"Waheshimiwa, mimi ni mjinga."

"Hilo halina mpinzani," alisema Ghorofa. "Endelea."

Nikaeleza yote. Saa mbili asubuhi, sufuria, siku sita. Nilipofika kwenye maharage mabenchi yalikuwa yananizomea, na mtu mmoja nyuma akauliza kama yalikuwa na chumvi ya kutosha kuvunjia watu nyumba.

Mama Glasi alisubiri kelele ziishe. "Kwa hiyo siku zote hizi," alisema taratibu, "halmashauri mbili zimekaa hapa zinajadili njia ya kwenda tumboni mwako."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na hukuona haya kuja kutuambia?"

"Nimeona, mheshimiwa. Nimekuja nayo hivyo hivyo."

Ghorofa alikuwa ameshasimama, uso unang'aa. "Basi hesabu imekufa! Tufute yote, tuanze upya. Na tukianza upya, narudi kwenye mia sita zangu za mwanzo."

"Mia nne imesainiwa," alisema Mama Glasi.

"Imesainiwa juu ya hesabu ya mlafi!"

"Idadi ni ile ile hata akiwa mlafi. Mia nne na kumi na mbili. Kumi na mbili zinatoka."

"Haya, zitoke." Ghorofa akakaa, akashusha sauti kama anayeuza. "Vunjeni hizo kumi na mbili. Lakini pale zilipokuwa, nipeni jengo moja. Orofa nne, shimo moja. Naongeza shimo moja, mia nne na moja, unanisamehe moja."

"Orofa nne watalala watu wangapi?"

"Hilo haliko kwenye makubaliano."

"Nakuuliza mimi. Wangapi?"

"Mheshimiwa, tulikubaliana kuhesabu mashimo. Hatukukubaliana kuhesabu makalio."

Ukumbi ukalipuka. Mama Glasi hakucheka. Alisukuma ile glasi katikati ya meza mpaka ikagonga faili la Ghorofa.

"Bwawa linahesabu makalio," alisema. "Kunywa."

"Sina kiu."

"Kila ukija huna kiu. Watoto wangu kule wana kiu kila siku."

"Mnywe kidogo basi! Nyie bondeni mnaosha magari kwa maji ya kunywa, halafu mnakuja kutuchungulia chooni!"

"Na nyie mnajenga mpaka kwenye ukingo, mkiulizwa mnasema watu wanazaliana!"

"Hawazaliani?"

Katibu aligonga meza kwa stapla. Nadhani alikuwa na njaa, na binadamu mwenye njaa namwelewa.

"Waheshimiwa. Hesabu ibaki mia nne na kumi na mbili. Mpangilio ubadilike. Waondoke kumi na wawili wa mwisho kujenga. Vibali vyote vya ujenzi viko humu, kila kimoja na tarehe yake. Orofa nne zijadiliwe siku nyingine."

Wakatazamana. Hakuna aliyependa, kwa hiyo wakakubaliana. Ndivyo kamati ile inavyofanya kazi.

Mimi nilirusha mikono juu. Dada ni wa kwanza! Miaka ishirini na miwili! Katibu akanyoosha kidole bila kunitazama: "Kopo. Brashi. Kitambulisho." Nikaviweka mezani kimoja kimoja. Saa tano kasoro nilikuwa mtu asiye na kazi, na sijawahi kufukuzwa nikiwa na furaha kiasi kile.

Furaha yenyewe ilidumu robo saa.

Katibu alisoma tarehe mpaka akafika mwisho wa faili, akarudi nyuma, akalamba kidole, akapekua tena.

"Mia nne na kumi na mbili. Kibali hakipo."

Dada akasimama. "Hakiwezi kuwepo. Nyumba yangu ni ya miaka ishirini na miwili. Ofisi yenu ina kumi na minane. Ningeomba kibali kwa nani, kwa kichaka?"

"Asiye na kibali," alisema katibu, "anahesabiwa amejenga jana."

"Jana!"

"Kwa maandishi, ndiyo."

Nikaona dunia imenigeukia kisogo mara ya pili ndani ya asubuhi moja. Aliyemwokoa dada, bila kutarajiwa na mtu, ni Mama Glasi.

"Hapana," alisema. "Mimi nataka vyoo vipungue. Sikusema tumwibie mtu umri. Alete shahidi. Asiwe ndugu yake. Awe amekuwepo, awe ameliona shimo lile likichimbwa kwa macho yake. Saa nane mchana. Asipokuja, basi."

"Na shahidi akija?" aliuliza Ghorofa.

Katibu akapiga hesabu pembeni ya karatasi. "Huyu akiingia kwenye mia nne, anamsukuma mmoja nje. Wa mia nne sasa hivi, mwenye kibali kipya kuliko wenzake, ni..." Akafuata mstari kwa kidole. "Kibali cha miaka minne. Ni yule aliyekuwa namba moja."

Mfyatua matofali.

* * *

Nje, kwenye ngazi, dada alikaa chini kama gunia.

"Nani alikuwepo?" nilimuuliza. "Fikiri, dada. Mimi bado nilikuwa kwa shangazi. Fundi aliyeezeka?"

"Amekufa."

"Yule mzee wa kiwanja cha juu?"

"Amekufa kabla ya fundi."

"Kuna mmoja tu basi. Jirani. Si alikuwepo hata kabla ya barabara? Nyumba yake ndiyo mpya, mwenyewe si mpya."

Dada alinishika mkono. Alinishika kwa nguvu, kama zamani tukivuka barabara.

"Yule usimwite."

"Najua atavunjiwa yeye. Lakini nikimwomba..."

"Nimesema usimwite. Acha ivunjwe."

"Dada! Ivunjwe uende wapi?"

"Nitajua."

"Nimekuharibia mimi, nitakutengenezea mimi."

"Mdogo wangu," alisema, "kila ukitengeneza kitu kinakufa. Uliza kuku."

Mngekuwa nyinyi mngesikia. Mimi nilikuwa nimeshashuka ngazi.

* * *

Nilimkuta juani, anagonga fremu ya tofali. Matofali mabichi yamepangwa chini safu kwa safu. Mlango wa choo chake nyuma yake: 1, nyekundu, inang'aa mafuta.

"Mama, nimekuja kwa magoti."

"Yaweke mbali na matofali yangu."

"Kamati imebadilisha. Namba zangu hazitumiki tena."

"Nimesikia. Nimesikia pia unatafuta shahidi." Akagonga fremu, akainyanyua, tofali likabaki limesimama. "Na ukimpata, anayevunjiwa ni mimi. Au hilo ulipanga kuniambia baadaye?"

"Nilipanga kukuambia sasa."

"Kwa hiyo umetoka huko na jasho lako lote kuniomba niibomoe nyumba yangu ili ya dada yako isimame."

"Sijaomba hivyo. Nimeomba useme ukweli tu. Kama hukuwepo, sema hukuwepo. Kama uliona shimo likichimbwa, sema uliliona."

"Una uso mgumu wewe."

"Umekomaa kwa kupigwa, mama."

Aliweka fremu chini. Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Dada yako amekutuma?"

"Amenikataza."

"Amekukataza." Kitu kikapita usoni mwake, sikukipatia jina. "Unataka ukweli tu?"

"Ukweli mtupu."

"Hata ukiuma?"

"Mimi nimeumwa tangu Jumatatu, nimeshazoea."

Alicheka. Si kile kicheko cha juu ya rundo, kingine, kifupi, cha pua. Akanawa mikono kwenye ndoo, mpaka viwiko, akafuta, akafunga geti lake.

"Twende. Umeniomba wewe, usisahau."

Nilimshukuru njia nzima. Nilimwita mama, nilimwita shujaa. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini mtu anayekwenda kuvunjiwa nyumba ananitangulia kwa hatua kumi.

* * *

Saa nane. Dada alipomwona akiingia nyuma yangu, alifunga macho.

Katibu hakupoteza muda. "Unamfahamu mwenye nyumba mia nne na kumi na mbili?"

"Namfahamu."

"Ni ndugu yako?"

"Mungu apishe mbali."

"Shimo la choo chake uliliona likichimbwa?"

"Niliona."

Nikamkonyeza dada. Hakuwa ananitazama.

"Lini?"

"Miaka ishirini na miwili iliyopita. Kiangazi. Udongo ulikuwa mgumu, sururu ilikuwa inarudi usoni."

"Vizuri." Katibu akaandika. Mama Glasi akatikisa kichwa kuridhika. Nilikuwa naanza kusimama niwakumbatie watu wasionipenda.

"Nani alilichimba?" aliuliza katibu. Aliuliza kujaza fomu tu.

"Mimi."

Kalamu ikasita. "Ulikuwa kibarua wake?"

"Mtu hafanyi kibarua kwenye kiwanja chake."

Hapakuwa na kelele. Ningependa kuwaambia ukumbi ulilipuka, lakini hapakuwa na kelele hata kidogo.

"Kiwanja kilikuwa changu," alisema yule mwanamke, sauti bapa kama anasoma orodha. "Shimo nilichimba mimi, siku tisa. Matofali ya chumba cha kwanza nilifyatua mimi. Mama yangu akaugua, nikaenda kumuuguza. Ufunguo nikamwachia rafiki yangu, tulikuwa tunakula sahani moja. Nilikaa miezi saba, nikamzika mama. Niliporudi kitasa kilikuwa kipya. Nikagonga. Nikafunguliwa na mtoto wa miaka kumi na miwili, amekonda, kaptula moja. Akanikaribisha. Akaniambia shikamoo, dada hayupo, hapa ndipo kwetu."

Alininyooshea kidole. Kidole chenye saruji kwenye kucha.

"Nilikuja na panga siku ile," alisema. "Nikamwona huyu nikashindwa. Nikaenda kupanga chumba. Miaka minne iliyopita ndiyo nimeweza kununua kile kipande cha pembeni, nikajenga, ili kila siku nitazame mlango wangu."

"Dada," nilisema. "Mjibu."

Dada alikuwa anautazama mkoba magotini.

"Dada, huyu anasema uongo. Mjibu!"

Dada yangu alisimama. Huyu anayewajibu makonda, mahakimu na mvua. Mkoba ulimponyoka akauacha chini.

"Kitasa nilibadilisha mimi," alisema.

Nikakaa. Sikumbuki kukaa.

Ghorofa alikohoa, kwa mara ya kwanza hana la kuuza. "Kwa hiyo... tunaandika nini?"

"Shimo ni la zamani, hilo limethibitika, linabaki," alisema katibu, na hata yeye sauti ilikuwa imepungua ukavu. "Tatizo ni la nani. Likiwa la huyu shahidi, anarudi kwenye nyumba yake ya zamani, ile mpya inavunjwa, na huyu mama wa cherehani anatoka. Likiwa la mama wa cherehani, anabaki alipo, na shahidi anavunjiwa, hana kitu. Mmoja wao wiki ijayo hana pa kulala."

"Sisi tumekuja kuhesabu vyoo," alisema Mama Glasi. "Ugomvi wa kiwanja uende mahakamani."

"Mahakama ni miaka, mheshimiwa. Orodha inasainiwa leo. Nahitaji jina moja kwenye mstari huu."

Jirani hakumtazama katibu. Alikuwa bado ananitazama mimi.

"Mwandikeni atakayetajwa na huyu," alisema. "Ndiye aliyekuja kwangu kwa magoti kuomba ukweli. Ameshaupata. Mimi miaka ishirini na miwili nimenyamaza kwa ajili yake. Atakachosema nakikubali, na mahakamani siendi."

Katibu akamgeukia dada. "Na wewe?"

Dada aliokota mkoba, akaupangusa vumbi polepole. Nilimwomba kwa macho akatae. Aseme hapana, aseme mahakama, aseme chochote.

"Nami nakubali," alisema.

Halmashauri mbili zikageuza viti kunitazama. Hakuna aliyezomea. Katibu alivuta karatasi karibu, akaweka ncha ya kalamu juu ya ule mstari mtupu.

"Jina," alisema.